Sauti Isiyosubirisha: Utangulizi wa Kumbukumbu za Flashi Ndani ya Sampla

Sampla ni ala isiyo na sauti yake yenyewe. Hurekodi sauti ya kitu kingine, iwe ngoma, filimbi, mlango unaofungwa au sekunde mbili za santuri ya zamani, ikaihifadhi kama mfululizo wa tarakimu, kisha ikaipiga upya kila mtu anapobonyeza pedi au kibao cha kinanda. Mpigaji mwenye mkono mwepesi huanza kuiona mashine nzito pale muda kati ya kubonyeza na kusikia unapovuka takriban milisekunde 10. Ndani ya muda huo mashine inatakiwa itambue pedi iliyobonyezwa na nguvu ya kidole, itafute sauti mahali ilipohifadhiwa, ianze kuisoma, na igeuze tarakimu kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika.

Utangulizi huu unamkaribisha msomaji kwenye hatua ya kati ya safari hiyo, yaani mahali sauti inapokaa na namna inavyotolewa hapo. Swali kuu ni rahisi kulitamka: sauti anayoirekodi mtumiaji ikae wapi ili isipotee umeme unapokatika, na wakati huohuo ipatikane bila kumsubirisha mpigaji? Kwa miaka mingi masharti hayo mawili hayakukaa pamoja. Kumbukumbu za flashi ndizo zilizoyakutanisha, lakini kwa gharama zake. Flashi husomeka haraka, huandikika taratibu, na kufutika taratibu zaidi. Anayesanifu sampla hawezi kuuondoa usubiri huo. Anachoweza ni kuamua nani asubiri, na asubiri lini. Karibu kila jambo tutakalolieleza hapa linatokana na uamuzi huo mmoja.

Hesabu ya kuanzia

Kabla ya kuzungumzia chipu, tujue mzigo wenyewe. Sauti yenye ubora wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua biti 16, yaani baiti 2. Kwa hiyo sekunde moja ya sauti ya njia moja ni baiti 88,200, na ya stirio ni baiti 176,400. Dakika moja ya stirio inazidi kidogo megabaiti 10. Mdundo wa kiki wa nusu sekunde ni baiti 44,100 tu.

Namba hizi ni ndogo kwa simu ya leo, lakini sampla ina mazoea mawili yanayozikuza. La kwanza, hupiga sauti nyingi kwa pamoja. Sauti 32 za njia moja zikilia kwa wakati mmoja zinahitaji takriban megabaiti 2.8 kila sekunde. La pili, hupandisha na kushusha kimo cha sauti. Ukipandisha sampuli, yaani sauti iliyorekodiwa, oktavo moja kwa njia ya kawaida, unaisoma kwa kasi maradufu, na mzigo nao unakuwa maradufu. Tena sauti hizo hazikai jirani ndani ya kumbukumbu: kiki iko huku, sneya kule, noti ya besi kwingine kabisa. Ndiyo maana mwanafunzi wa fani hii hatosheki na kuuliza kumbukumbu inatoa megabaiti ngapi kwa sekunde. Anauliza pia inachukua muda gani kutoa baiti ya kwanza baada ya kuombwa, na muda huo unaweza kurefuka kiasi gani siku mambo yakienda vibaya.

Kabla ya flashi

Mashine za ngoma za mwanzo zilihifadhi sauti kwenye chipu za kusomwa tu. LinnDrum ya mwaka 1982, kazi ya Roger Linn, ni mfano mzuri. Sauti zake zilikuwa tayari mara tu umeme unapowaka, wala hazikupotea ulipozimwa. Lakini mpigaji aliyetaka sneya nyingine ilimlazimu kufungua mashine, kuchomoa chipu na kupachika nyingine. Uharaka ulikuwepo, uhuru haukuwepo.

Sampla zilileta uhuru huo kupitia RAM. RAM huandikwa na kusomwa kwa haraka ileile, na inaweza kurukia anwani yoyote bila kusita. Kasoro yake ni kwamba husahau kila kitu umeme unapokatika, na katika miaka ya 1980 ilikuwa ghali mno. SP-1200 ya kampuni ya E-mu, iliyotoka 1987, ilikuwa na nafasi ya takriban sekunde 10 za sauti kwa jumla, zikipimwa kwa biti 12 na takriban mara 26,000 kwa sekunde. MPC60, ambayo Linn aliisanifu pamoja na Akai na ikatoka 1988, ilikuwa na takriban sekunde 13. Watayarishaji wa hip-hop wakabuni ujanja: santuri ya mizunguko 33 kwa dakika wakaicheza kwa mizunguko 45, wakarekodi sauti hiyo iliyokimbizwa, kisha wakaishusha ndani ya mashine. Kwa njia hiyo nafasi ileile ilibeba sauti ndefu zaidi kwa takriban asilimia 35. Mkwaruzo ulioingia kwa sababu ya ujanja huo ukawa sehemu ya ladha ya muziki wa zama hizo. Historia ya kumbukumbu na historia ya muziki hapa hazitenganishiki.

Mwisho wa kazi, sauti za RAM zilihamishiwa kwenye diski laini. Tuone diski hizo zilivyosubirisha. Diski ya megabaiti 1.44 huzunguka mara 5 kwa sekunde, na kila mzunguko hupitisha sekta 18 za baiti 512, yaani baiti 9,216. Kasi yake ya juu kabisa basi ni baiti 46,080 kwa sekunde. Hata kichwa cha kusomea kisingepoteza muda kuhama njia, diski nzima ingechukua sekunde 32. Sekunde 32 ni kimya kirefu jukwaani kati ya wimbo na wimbo. Baadaye zilikuja diski ngumu na CD-ROM, zikaongeza nafasi na kasi, lakini utaratibu ukabaki uleule: pakia kwanza, piga baadaye.

Elektroni zilizofungiwa

Msingi wa flashi ni transista yenye geti la ziada lililozungukwa na kihami pande zote. Geti hilo linaloelea lilielezwa na Dawon Kahng na Simon Sze wa Bell Labs mwaka 1967. Elektroni zikisukumwa ndani yake kwa volti ya juu hunaswa humo na kubaki hata umeme ukikatika, na uwepo wake hubadilisha volti inayohitajika kuiwasha transista. Kwa kupima badiliko hilo, mashine husoma 0 au 1. Chipu za EPROM, zilizobuniwa na Dov Frohman wa Intel mwaka 1971, zilitumia wazo hilohilo, ila kuzifuta kulihitaji kuzianika chini ya taa ya urujuanimno.

Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba nchini Japani, ndiye aliyefungua njia ya kufuta eneo kubwa la seli kwa mkupuo mmoja wa umeme. Kazi yake iliwasilishwa kwenye mkutano wa wahandisi mjini San Francisco mwaka 1984, na mwaka 1987 ikafuata aina ya pili iitwayo NAND. Intel ilianza kuuza chipu za aina ya kwanza, NOR, mwaka 1988.

Msomaji mpya azishike sheria tatu za flashi. Kwanza, seli iliyofutwa husomeka 1, na kuandika kunaweza kuigeuza kuwa 0 tu. Kurudisha 1 kunahitaji kufuta. Pili, kufuta hakufanyiki baiti mojamoja bali kwa sekta au bloku nzima. Tatu, kila kufuta na kuandika huchakaza kihami kidogo, kwa hiyo seli ina idadi ya mizunguko inayovumilia. Chipu nyingi za NOR hutajwa kuvumilia mizunguko 100,000, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa NAND yenye biti moja kwa kila seli. NAND za bei nafuu zinazobananisha biti tatu kwenye seli huvumilia kiasi kidogo zaidi.

NOR na NAND hutofautiana kwa jinsi seli zilivyounganishwa. NOR huifikia kila seli kwa njia yake, hivyo unaomba baiti yoyote na kuipata karibu papo hapo. NAND huzipanga seli kwa minyororo. Mpango huo huokoa nafasi na kushusha bei, lakini unakulazimisha usome ukurasa mzima, mara nyingi wa baiti 2,048 au zaidi, baada ya kusubiri makumi ya mikrosekunde. NAND pia hutoka kiwandani ikiwa na bloku mbovu, na lazima iambatane na hesabu za kusahihisha makosa. Memori kadi, flashi za USB na hifadhi za simu zote ni NAND.

Chipu ya miguu minane

Mfano mmoja wa karibu utatufaa kuliko maelezo mengi. W25Q128 ya Winbond ni chipu ya NOR yenye miguu minane na nafasi ya megabaiti 16. Mafundi wa kompyuta wanaijua familia hii kwa jina la chipu ya BIOS, na hupatikana pia ndani ya ruta za intaneti. Megabaiti 16 ni sekunde 190 za sauti ya njia moja yenye ubora wa CD. Seti kadhaa za ngoma zinaingia humo bila kubanana.

Tuanze na kusoma. Chipu inapewa baiti moja ya amri, baiti tatu za anwani na baiti moja ya kujaza pengo, kisha inaanza kumimina sauti. Jumla ni biti 40. Saa ya mawasiliano ikiwa megahezi 50, kwa waya mmoja wa data, maandalizi hayo yanachukua mikrosekunde 0.8. Sampla nyingi hutengeneza sauti kwa mafungu, na fungu la vipimo 128 hudumu milisekunde 2.9. Kila sauti inayolia inahitaji baiti 256 kwa fungu, na kuzisoma pamoja na maandalizi yake kunachukua takriban mikrosekunde 42. Ndani ya milisekunde 2.9 unaweza, kinadharia, kuhudumia sauti 69. Zikipandishwa zote oktavo moja, bado unabaki na zaidi ya 30. Chipu hii ina pia njia ya kusoma kwa waya nne, inayokaribia kuzidisha uwezo huo mara nne. Hapa hakuna kupakia hata kidogo: unawasha umeme, na sauti iko tayari kama ilivyokuwa kwenye LinnDrum.

Sasa tujaribu kurekodi moja kwa moja kwenye chipu hiyohiyo. Tuchukulie kufuta sekta ya kilobaiti 4 kunachukua milisekunde 50, na kuandika ukurasa wa baiti 256 kunachukua milisekunde 0.7, viwango vya kawaida kwa chipu za namna hii. Sekunde moja ya sauti ni sekta 21.5 na kurasa karibu 345. Kufuta kunakula milisekunde 1,077, kuandika 241. Jumla ni sekunde 1.3 za kazi kwa kila sekunde moja ya sauti. Sauti inaingia haraka kuliko inavyoandikwa, na rekodi itakatika.

Msanifu anayefahamu sheria zile tatu ana pa kutokea. Akifuta kwa bloku za kilobaiti 64, kila moja kwa takriban milisekunde 150, gharama ya kufuta inashuka hadi milisekunde 202 kwa sekunde, na jumla inakuwa milisekunde 443. Sasa rekodi inawezekana, ila anahitaji RAM ya kupokea sauti wakati bloku inafutwa. Katika milisekunde 150 huingia baiti 13,230. Akipanga kwa siku mbaya, ambapo bloku moja huweza kuchukua hadi sekunde 2, atenge takriban baiti 176,400. Au afute mapema: mtumiaji akiifuta sampuli ya zamani, mashine isafishe eneo hilo taratibu wakati hakuna kinachopigwa, ili rekodi ijayo ikute bloku tupu. Hapo gharama ya kurekodi inabaki ile ya kuandika tu. Usubiri haukuondoka. Umehamishwa kutoka wakati wa kupiga kwenda wakati wa mapumziko.

Kuna mtego mmoja zaidi. Chipu inayofuta haiwezi kusomwa kwa wakati uleule, kwa hiyo ngoma zinazolia zinaweza kunyamaza ghafla mtu anaporekodi. Familia hii ina amri ya kusimamisha ufutaji kwa muda, ukasoma, kisha ukauendeleza. Wengine huweka chipu mbili: moja ya kupiga, nyingine ya kupokea.

Kadi na kichwa cha sauti

Sampla nyingi za miaka ya 2000 zilitumia kadi. Korg ES-1 na Boss SP-303 zilitumia SmartMedia, kadi nyembamba iliyokuwa NAND tupu isiyo na kidhibiti, kiasi kwamba mashine yenyewe ilibeba kazi ya kukwepa bloku mbovu. MPC1000 ya mwaka 2003 ilitumia CompactFlash, yenye kidhibiti chake ndani. Hata hivyo MPC1000 ilibaki na desturi ya kale: sauti zinatoka kwenye kadi, zinaingia RAM, ndipo zinapigwa.

Kwa nini isisome kwenye kadi moja kwa moja? Kwa sababu kidhibiti cha kadi kina mambo yake. Husawazisha uchakavu, huhamisha data, husahihisha makosa, na hakikuambii lini. Kadi ya SD inayotoa makumi ya megabaiti kwa sekunde inaweza kusita ghafla, na kanuni za SD zinairuhusu kuchukua hadi milisekunde 100 kabla ya kujibu ombi la kusoma. Kwa anayehamisha picha hilo si kitu. Kwa mpiga pedi, ni mara kumi ya muda wote tuliompa mwanzoni.

Ufumbuzi uliozoeleka ni ule wa mama lishe anayeweka sahani chache tayari mezani huku sufuria likiendelea jikoni. Mwanzo wa kila sampuli, yaani kichwa chake, hukaa kwenye RAM, na sehemu iliyobaki hukaa kwenye kadi. Mpigaji akibonyeza, sauti inaanza kutoka RAM papo hapo, na wakati huo mashine inaomba mwendelezo. Kwa siku mbaya ya milisekunde 100 tunahitaji baiti 8,820 za mwanzo kwa kila sampuli, na 17,640 tukiruhusu oktavo moja juu. Sampuli 128 zinakula takriban megabaiti 2.3 za RAM, hata kama sauti zenyewe kwenye kadi ni gigabaiti kadhaa. Programu ya GigaSampler ilitumia mbinu ya aina hii kwa diski ngumu za kompyuta mwaka 1998. Octatrack ya kampuni ya Elektron ya Sweden humwachia mpigaji achague: kuna njia ya kupiga sampuli kutoka RAM, kwa vipande vifupi vya kukatwakatwa, na njia ya kuzisoma kutoka kadi zikiendelea kulia, kwa rekodi ndefu.

Kwenye vinanda vikubwa, watengenezaji walichagua kuifunga flashi ndani. Yamaha Motif XF ya mwaka 2010 ilipokea mbao za flashi za megabaiti 512 au gigabaiti 1, na mrithi wake Montage wa 2016 akaja na gigabaiti 1.75 za sampuli za mtumiaji zikiwa ndani tayari. Kuingiza sauti humo huchukua muda wa kuonekana. Kuzipiga hakuchukui. Mwanamuziki husubiri nyumbani, siku ya maandalizi, ili asisubiri mbele ya watu.

Mijadala na mahali pa kuanzia

Fani hii ina mijadala yake hai. Wapo wanaoona RAM imeshuka bei kiasi kwamba kuipakia yote kunatosha, na kwamba kusoma kutoka flashi ni kujitafutia kazi. Wengine hujibu kwamba maktaba za sauti nazo zimekua, na kwamba mashine inayowaka tayari ina heshima yake. Upo pia mjadala wa uhifadhi wa muda mrefu. Elektroni zilizonaswa huvuja polepole. Chipu za NOR kwa kawaida hutajiwa miaka 20, ilhali seli zenye biti nyingi na zilizochakaa huvumilia muda mfupi zaidi. Kupiga sampuli moja mara milioni hakutaichosha NOR. Kurekodi juu yake kila siku ndiko kunakochosha. Anayehifadhi kazi za studio basi awe na nakala mahali pengine, na asiichukulie kadi iliyo ndani ya mashine kuwa ndiyo maktaba.

Anayetaka kuingia kwa vitendo anahitaji vitu vichache. Maikrokontrola ya kawaida, chipu moja ya miguu minane, kipaza sauti kidogo na programu ya kurekodi kwenye kompyuta vinatosha. Bodi za Teensy za kampuni ya PJRC zina maktaba ya sauti iliyo wazi, inayoweza kupiga sampuli kutoka chipu ya flashi na kutoka kadi ya SD, na msimbo wake unasomeka. Aanze na sauti moja, aongeze hadi mashine ishindwe, kisha aeleze kwa namba kwa nini imeshindwa. Halafu apime muda wa kusoma kutoka kadi mara elfu kadhaa na kuchora matokeo. Asiridhike na wastani: mpigaji hausikii wastani, husikia ile mara moja kadi iliposita.

Kwa mwanamuziki asiyekusudia kushika chuma cha kulehemu, faida ya elimu hii iko dukani. Akiuzwa sampla yenye nafasi ya gigabaiti kadhaa, aulize maswali matatu. Sauti hupigwa kutoka wapi: RAM, flashi ya ndani au kadi? Nikibadilisha mradi, muziki unakatika kwa muda gani? Nikirekodi, kinachopigwa kinaendelea? Muuzaji akikosa majibu, yanapatikana kwa dakika tano za kuijaribu mashine palepale kaunta: apakie mradi mkubwa, apige huku anarekodi, abadilishe wimbo katikati, na asikilize ni wapi panakatika.